Tegu mwekundu wa Chaco: dalili, visababishi na hatua za kuchukua

Tegu mwekundu, kwa jina la kitaalamu Salvator rufescens, ni mjusi mkubwa wa misitu mikavu ya Chaco, eneo linaloanzia kaskazini mwa Argentina, likapita magharibi mwa Paraguay hadi kusini-mashariki mwa Bolivia. Dume aliyekomaa hufikia mita 1.2 kutoka pua hadi ncha ya mkia. Ukimwona kwa mbali utadhani ni kenge, na mwenendo wake kweli unakaribiana na wa kenge: anachimba, anafukua mayai, anakula karibu kila kinachoingia kinywani. Wanaomfuga wako zaidi Marekani na Ulaya, na malalamiko yao ni yale yale kila mwaka: hali chakula, hapati choo, anatetemeka, vidole vimekauka, anauma.

Mengi ya hayo yana chanzo kimoja. Mfugaji amesikia kwamba mnyama katoka msitu mkavu, basi akalikausha banda. Lakini kule Chaco msimu wa joto ndio msimu wa mvua. Joto la mchana hupita digrii 40, na tegu hutoka asubuhi, akaota jua, akawinda, kisha akarudi shimoni kwenye udongo wa ubaridi wenye unyevu. Baridi ikiingia, hujifungia humo humo kwa miezi. Kwa hiyo banda lake linahitaji mahali pa moto mkali na pia shimo lenye unyevu, vyote viwili kwa wakati mmoja. Kimoja kikikosekana, dalili zilizoelezwa hapa chini zitafuatana.

Pima kabla ya kutibu

Usinunue dawa yoyote kabla hujajua namba nne.

Ya kwanza ni joto la mahali pa kuotea. Uso wa jiwe au ubao chini ya taa uwe digrii 45 hadi 50. Tumia kipimajoto cha kuelekeza wanachotumia mafundi wa majiko na majokofu. Kile cha kupimia watu kwenye paji la uso, kilichozagaa wakati wa korona, hakifai: vingi vya aina hiyo huishia digrii 43 hivi. Hewa ya upande wa joto iwe 32 hadi 35, upande wa ubaridi 24 hadi 27, na usiku isishuke chini ya 21.

Ya pili ni unyevu, asilimia 70 hadi 80. Kitambuzi cha kipimaunyevu kikae chini karibu na tandiko, maana huko ndiko mnyama aliko. Kikibandikwa juu ya kioo kitakupa habari za dari. Tandiko lenyewe liwe udongo usio na mbolea uliochanganywa na unga wa makumbi ya nazi, kina cha sentimita 30 au zaidi. Chukua konzi moja, finya. Likishikana bila kudondosha maji, liko sawa. Likitawanyika kiganjani, ni kavu. Maji yakichuruzika, limezidi, na kifua cha mnyama ndicho kitakacholipa.

Ya tatu ni mwanga wa UVB, yaani miale ya jua isiyoonekana inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Inatakiwa taa ndefu ya mrija mwembamba, iitwayo T5, yenye UVB ya asilimia 10 au 12, umbali wa sentimita 30 hadi 45 kutoka mgongoni, ifunike angalau nusu ya urefu wa banda. Kioo huzuia UVB karibu yote, na wavu wa chuma huweza kupunguza theluthi. Badilisha taa kila baada ya miezi 12 hata kama inawaka vizuri. Mwanga unaouona hubaki, UVB huwa imekwisha zamani.

Ya nne ni uzito, upimwe kila baada ya wiki mbili kwa mizani ile ile na uandikwe. Uzito ndio utakaokuambia kama mnyama aliyelala ni mzima au anakwisha.

Ukubwa wa banda nao una mchango wake. Mkubwa anahitaji mita 2.4 kwa 1.2 kwa 1.2. Katika banda dogo huwezi kupata digrii 50 upande mmoja na 25 upande wa pili hata ukibadilisha balbu mara kumi.

Hali chakula

Kisababishi kinachoongoza ni joto dogo. Mmeng'enyo wa mjusi hutegemea joto analoliota, na tegu asiyepata moto wa kutosha huacha kula kwa sababu hawezi kuyeyusha alichokula jana. Pima jiwe la kuotea. Likiwa chini ya 45, usikimbilie balbu moja yenye nguvu zaidi: hiyo huchoma mgongo huku tumbo na mkia vikibaki baridi. Panga balbu mbili au tatu za wati 75 hadi 100 zikiwa karibu karibu, ili joto lienee kutoka mabegani hadi shina la mkia, na kila balbu iwe na kikapu cha waya. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa ajili ya mijusi yaache kabisa; mnyama hukaa juu yake hadi ngozi ya tumbo inaungua kabla hajahama.

Kisababishi cha pili ni usingizi wa kipupwe, na ndicho kinachowatia watu hofu isiyo ya lazima. Kwao tegu mwekundu hulala miezi ya baridi, takriban Mei hadi Agosti. Aliyezoea Ulaya au Marekani hulala kati ya Oktoba na Machi, hata kama taa za bandani hazijabadilika. Anayetoka moja kwa moja Argentina au Paraguay anaweza kuendelea na kalenda ya kwao mwaka wa kwanza, akalala watu wakiwa kwenye joto kali. Dalili zake hufuatana kwa mpangilio: anapunguza kula kwa wiki mbili tatu, anachelewa kuamka, anaanza kubeba nyasi na majani kwa mdomo hadi shimoni, mwishoni anaziba mlango na kutoweka.

Kumtofautisha na mgonjwa si vigumu ukijua pa kutazama. Anayelala huwa ndani ya shimo, macho yamejaa, ngozi haijakunjamana, na ukimgusa anasogea polepole. Mgonjwa mara nyingi hulala nje, popote pale, macho yamezama, ana kamasi au kuharisha. Uzito wa anayelala hupungua polepole tu, haushuki ghafla. Kwa hiyo mpime alipoanza kulegea, kisha mara moja kwa mwezi bila kumsumbua zaidi ya hapo.

Ukiona anajiandaa kulala, acha kumlisha lakini endelea kuwasha moto kwa wiki mbili ili tumbo liishe chakula. Hatua hii ndiyo inayosahaulika. Nyama iliyobaki tumboni wakati mwili umepoa huoza humo. Baada ya hapo punguza saa za mwanga taratibu hadi uzime, na maji safi yabaki siku zote. Mwembamba, mwenye minyoo au mwenye jeraha asilazwe. Mwachie moto na mwanga saa 12 kwa siku na umpeleke kwa daktari.

Kisababishi cha tatu ni ugeni. Aliyefika nyumbani wiki hii mwachie mahali pa kujificha, usimshike, weka chakula uondoke. Wiki mbili za kususa kwa mkubwa si ajabu. Sababu nyingine za kawaida ni kuvua gamba, jike mwenye mayai, na dume wakati wa kupandana.

Yote hayo yakikosekana, fikiria minyoo au kidonda cha kinywa. Fungua mdomo ikiwa mnyama ni mpole: fizi ziwe za waridi na safi. Ukiona utando wa njano au damu, acha kuchokonoa. Mtoto wa chini ya miezi sita asiyekula siku tano, au mkubwa asiyekula wiki tatu nje ya msimu wa kulala, ni wa kupelekwa kwa daktari, na kinyesi kibichi kikiwa mkononi.

Vidole vinatetemeka, taya limelegea, miguu imevimba

Hapa mwili unakosa kalsiamu, na mifupa inaliwa ili damu isipungukiwe. Ni ugonjwa wa jamii moja na matege ya watoto. Vidole huanza kurukaruka baada ya mnyama kutembea, kisha taya la chini linabonyea, mkia unapinda, na mwisho wake anaburuta miguu ya nyuma.

Sababu ya kwanza ni UVB: taa imechakaa, iko mbali, au iko nyuma ya kioo. Dirisha lenye jua halisaidii kama limefungwa. Sababu ya pili ni nyama tupu. Nusu kilo ya kuku au bata mzinga wa kusaga asiye na mfupa ina fosforasi karibu gramu moja na kalsiamu kidogo mno. Ili kalsiamu iwe mara mbili ya fosforasi, changanya gramu 5 za unga wa kalsiamu kaboneti katika kila nusu kilo, na uupime kwa mizani ndogo, maana vijiko havilingani. Windo zima, kama panya waliogandishwa kisha wakayeyushwa au vifaranga wa siku moja, lina mifupa yake na halihitaji nyongeza hiyo. Wadudu wanyunyizie kalsiamu kila mlo. Sababu ya tatu, inayosahaulika, ni joto: vitamini D inayotengenezwa ngozini haikamiliki vizuri katika mwili uliopoa.

Dalili zikiwa ni vidole tu na mnyama anakula, sahihisha taa na chakula leo hii, na umwone daktari wiki hii kwa picha ya eksirei na kipimo cha damu. Taya likiwa laini, au akipata degedege, usimlishe kwa nguvu, usimbebe kwa kumbana kifua, na usijaribu sindano ya kalsiamu mwenyewe: ikizidi huweza kusimamisha moyo. Mweke kwenye sanduku lenye taulo laini uende siku hiyo hiyo.

Gamba limeng'ang'ania vidoleni na kwenye ncha ya mkia

Tegu havui gamba lote kwa mpigo mmoja kama nyoka. Hubanduka vipande vipande, na mgongo kubaki na viraka kwa wiki mbili si tatizo. Tatizo ni pete. Tazama kidole kimoja kimoja kwa tochi: gamba la zamani likibaki limezunguka kidole, hukauka, hujibana, na damu haipiti tena.

Kisababishi karibu siku zote ni ukavu wa tandiko. Kunyunyiza maji juu ya banda asubuhi hakutoshi, yatakauka kabla ya saa sita. Mimina lita kadhaa kwenye pembe za banda ili maji yaingie chini ya tandiko na yapande polepole.

Kwa pete iliyokwisha kubana, mloweshe kwenye maji ya digrii 28 hadi 32 yanayofika kwenye viwiko vyake, dakika 20 hadi 30, bila kumwacha peke yake. Kisha shika kidole kwa kitambaa kilicholowa na usugue kuelekea kucha. Kikikataa, rudia kesho. Usivute kikiwa kikavu na usitumie kisu wala wembe, maana kucha hung'oka na gamba. Kidole kilichogeuka cheusi, kilichovimba juu ya pete au chenye harufu kimepita kiwango cha tiba ya nyumbani. Daktari ataamua kama kitakatwa kabla uozo haujapanda.

Hapati choo, tumbo limejaa

Mkubwa anayekula kawaida akikaa wiki mbili bila choo, anza na moto na maji. Pima jiwe la kuotea, mloweshe maji ya vuguvugu nusu saa kila siku, mwache atembee sakafuni. Wengi hujisaidia ndani ya maji siku ya kwanza au ya pili.

Isipofaulu, kumbuka alichokula. Kulisha juu ya tandiko humfanya ameze maranda, kokoto na vipande vya makumbi vilivyogandana na nyama, kwa hiyo chakula kiwekwe kwenye sahani pana au kigae. Panya wakubwa wenye manyoya mengi, mfululizo, nao huziba. Usimpe mafuta kwa mdomo, kwani yakiingia kwenye mapafu ni ugonjwa mwingine mbaya zaidi, wala usijaribu kumsafisha tumbo kwa bomba.

Simama hapo na uende kwa daktari ukiona anatapika, anajikamua bila kitu kutoka, miguu ya nyuma imelegea, au unahisi bonge gumu tumboni.

Anapumua mdomo wazi

Akiwa chini ya taa, mdomo wazi ni njia ya kupunguza joto, na hufumba akihamia kivulini. Akiwa upande wa ubaridi na bado ameuacha wazi, shingo imenyooshwa juu, kuna mapovu puani au mlio wa kukoroma, hiyo ni nimonia au inaelekea huko. Chanzo cha kawaida ni unyevu mwingi ukikutana na baridi, hasa usiku. Jibu ni kuongeza joto, usiku lisipungue digrii 26, na kuacha hewa ipite. Kukausha banda hadi asilimia 30 hakusaidii kitu. Dawa ya kuua bakteria huchaguliwa na daktari kwa uzito wa mnyama. Vidonge vya binadamu vilivyobaki kabatini visitumike. Mlio wa kupuliza anapokasirika ni sauti yake ya kawaida tu.

Jike anachimba usiku na mchana

Jike aliyekomaa anaweza kubeba mayai hata kama hajawahi kuona dume. Hususa chakula, tumbo hujaa pembeni, na huchimba kila kona. Mpe kisanduku chenye giza, udongo wa kufinyangika sentimita 30 na nyasi kavu nyingi, maana tegu hujenga kiota. Kinachoyafanya mayai yakwame zaidi ni kukosa mahali pa kutagia, kisha upungufu wa maji na kalsiamu.

Hatari ni pale anapoacha kuchimba bila kutaga, au anapotaga machache kisha akalegea, au anapojikamua kwa saa kadhaa. Usibonyeze tumbo: yai likipasukia ndani hufuatiwa na usaha tumboni. Huyu ni wa eksirei, na huenda upasuaji, siku hiyo hiyo.

Anauma, anapuliza, anapiga mkia

Mara nyingi ni chakula. Tegu aliyezoea kulishwa kwa mkono huona kila mkono ni nyama. Lisha kwa koleo refu, kwenye sahani, na unapotaka kumshika mguse kwanza kwa fimbo laini ili ajue si saa ya kula. Osha mikono ikiwa na harufu ya kuku au panya kabla ya kumsogelea.

Kwa dume, msimu wa kupandana baada ya usingizi huleta wiki kadhaa za ukali. Humpulizia mtu, hujaza mwili hewa, huinua mgongo, hukanyagakanyaga. Mpe nafasi, usimshike, itapita. Aliyekuwa mpole akabadilika ghafla nje ya msimu mchunguze maumivu: miguu, kinywa, tumbo.

Taya la tegu mkubwa huponda. Jeraha lililoingia ndani, hasa la kidole, lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, kisha hospitali. Na hata bila kuumwa, mijusi hubeba salmonela, bakteria wanaoleta kuhara: osha mikono kila baada ya kumgusa, usioshee vyombo vyake jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wenye mwili dhaifu wasimshike.

Anayeshindwa kumfuga asimwachie porini hata kidogo. Huko Florida, binamu yake tegu mweusi na mweupe amezaliana na anakula mayai ya wanyama wa asili, ndiyo maana jimbo hilo liliwapiga marufuku tegu wote mwaka 2021, wekundu wakiwemo. Jenasi nzima ya Salvator imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, hivyo kumvusha mpaka kunahitaji kibali. Tafuta hifadhi ya mijusi iliyosajiliwa mahali ulipo.

Hajawa mwekundu, au amenenepa mno

Mtoto huwa wa kahawia iliyofifia, na wekundu huja anapokomaa, huchukua miaka miwili au mitatu. Kabla ya kuvua gamba hufifia tena. Mtoto aliyeanguliwa na kichwa cha kijani ni tegu mweusi na mweupe, na hakuna chakula kitakachombadilisha.

Mashavu makubwa ya dume si unene, ni misuli. Unene tazama kwenye shina la mkia na mikunjo ya kwapa. Mkubwa ale mara mbili au tatu kwa wiki: nusu au zaidi kidogo iwe windo, konokono na mayai yaliyopikwa, theluthi iwe mboga, kilichobaki matunda. Kwao huokota matunda yaliyoanguka, likiwemo mistol, mti wa jenasi moja na mkunazi wetu, kwa hiyo matunda si anasa kwake. Ute mbichi wa yai ukizidi humnyima biotini, mojawapo ya vitamini B, na samaki wa kugandishwa wa aina fulani humwondolea vitamini B1, basi samaki wawe wa mara moja moja. Viungo vikivimba kwa mkubwa aliyelishwa nyama nyingi na maji kidogo, huenda ni jongo, na hilo huthibitishwa kwa kipimo cha damu.

Usisubiri kesho

Nyama imetoka njia ya nyuma hairudi: ifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji, usiisukume, nenda. Degedege, kuungua kulikopasua ngozi, damu isiyokoma baada ya kubana dakika kumi, au mnyama asiyeweza kujigeuza ukimlaza chali, nenda pia.

Piga simu kwanza uulize kama daktari huyo anatibu mijusi, kwa kuwa wengi wa mbwa na paka hawana uzoefu nao. Msafirishe kwenye sanduku lenye matundu, digrii 25 hadi 28. Beba daftari la uzito, kinyesi kisichozidi saa 24 kilichowekwa kwenye friji, picha ya banda lote, na picha za vipimajoto zikionyesha namba za saa hiyo.